Lita Moja kwa Siku

Saguaro haina tangi. Nianze na hilo, kwa sababu karibu kila mtu wa nyumbani anayejua kwamba naishi Arizona huniuliza kama ni kweli ukiikata kaktasi maji yanachuruzika, unakinga kikombe, unakunywa, unaendelea na safari. Tumeyaona hayo kwenye filamu za makauboi. Ukiipasua saguaro utakuta nyama ya kijani iliyopauka, inayoteleza, chungu. Mtu aliyekaukiwa na kiu akiitafuna anaweza kutapika na kuharisha, akapoteza hata yale maji machache aliyokuwa amebaki nayo. Maji yamo, tena mengi. Saguaro kubwa iliyoshiba hufikia tani mbili, na sehemu kubwa ya uzito huo ni maji. Lakini hayakai mahali pamoja ambapo ungeweza kuchota. Yamegawanywa kwenye mamilioni ya seli, na humo yameshikwa na ute.

Ute huo naujua. Mimi ni mtoto wa Kongwa, nimekua kwa ugali wa mtama na mlenda, na sijawahi kuona aibu kwa kitu kinachovutika kutoka kwenye sahani hadi mdomoni. Hapa Tucson masoko ya Wameksiko huuza nopales, yale majani mapana ya mpungate (yanaitwa majani, lakini kwa kweli ni shina), yakiwa yameshaondolewa miiba. Wiki yangu ya pili hapa niliyanunua, nikayakatakata, nikayachemsha na kuyatia karanga. Jirani yangu, mama mmoja kutoka Kongo, alichungulia sufuria akacheka: "Dada, hii ni dongodongo ya jangwani!" Kwao dongodongo ni bamia. Tulikula wote. Kile kinachofanya mlenda uvutike ndicho kinachoifanya kaktasi iishi: minyororo mirefu ya sukari inayoyashika maji na kuyafanya yawe mazito, yasiondoke haraka hata jua likiwa kali vipi.

Nilikuja Agosti 2022 kusomea haidrolojia, elimu ya maji: yanapita wapi, yanakaa wapi, yanaondokaje. Baba yangu hakushangaa. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mhudumu wa pampu ya kijiji chetu. Alfajiri alifungua kufuli, akawasha injini, akapanga ndoo kwenye foleni, akaandika kwenye daftari nani kalipa na nani anadaiwa. Kiangazi kilipokuwa kirefu aligawa: kila kaya ndoo nne, halafu tatu, halafu mbili. Watu walimgombeza, wakamwita bahili wa maji yasiyo yake. Kongwa ndiko Waingereza walikoanza ule mpango wao wa karanga mwaka 1947, wakaleta matrekta, wakashindwa na mibuyu, udongo mgumu na mvua isiyotabirika. Baba alipenda kusema kwamba wale mabwana walikuwa na kila kitu isipokuwa daftari la mvua.

Machi 2023 figo zake zilishindwa. Ilikuwa presha, iliyokaa mwilini miaka mingi bila mtu kuipima. Alihamia Dodoma mjini kwa kaka yangu ili awe karibu na mashine, na tangu hapo husafishwa damu siku tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Daktari akampa kipimo: lita moja kwa siku. Humo ndani kuna chai, uji, mchuzi, tikiti maji, na maji ya kumezea dawa. Hapati mkojo tena, isipokuwa matone. Kila kinachoingia kinabaki. Kinakaa miguuni kwanza, ukibonyeza kidole kinaacha shimo, kisha kinapanda, na kikifika kwenye mapafu mtu anazama akiwa kitandani. Kule hospitalini wanauita uzito wa mgonjwa bila maji ya ziada "uzito mkavu". Wa baba ni kilo 58. Akifika Jumatatu akiwa na kilo 61, zile tatu ni maji.

Njia anayotumia kujipimia kaibuni mwenyewe. Asubuhi anajaza chupa ya lita moja, anaiweka dirishani. Kila akinywa kikombe cha chai, anamimina kiasi hichohicho kutoka kwenye chupa na kuwapa kuku wa shemeji. Chupa ikiisha, siku imeisha, hata kama ni saa kumi jioni.

Saa tatu usiku ya Tucson ni saa moja asubuhi ya Dodoma. Huo ndio muda wetu. "Shikamoo baba." "Marahaba mama. Haya, niambie za jangwani." Hataki habari za mashine. Anataka habari za mimea inayokaa bila maji, na anauliza kama fundi, kwa hiyo nilianza kusoma mambo ambayo hayakuwa kwenye masomo yangu.

Karibu na mtaa wetu kuna kilima kiitwacho Tumamoc. Mwaka 1903 Taasisi ya Carnegie ilijenga juu yake maabara ya kuchunguza mimea ya jangwani, na majengo yale ya mawe yapo hadi leo. Watu wa mji hupanda kilima hicho alfajiri kwa mazoezi, mimi mmoja wao. Mwanamke aitwaye Effie Spalding alifanya kazi huko, na mwaka 1905 alichapisha makala kuhusu jinsi umbo la saguaro linavyobadilika kulingana na kiasi cha maji kilichomo. Alichofanya ni kupima tu. Saguaro ina mbavu ndefu zinazopanda kutoka chini hadi juu, na kati ya ubavu na ubavu kuna bonde. Alipima upana wa mabonde hayo tena na tena, mmea ukiwa na maji na ukiwa umekauka. Ukishiba mabonde yanafunguka, mmea unanenepa. Ukikaukiwa yanajifunga.

Nilipomweleza baba alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Kama sketi ya shule." Ni hivyo kabisa. Sketi ya marinda: msichana akisimama marinda yamelala, akikaa yanafunguka, na kitambaa hakichaniki kwa sababu nafasi ilishawekwa tangu siku ya kushonwa. Ngozi ya saguaro haivutiki kama mpira. Inakunjuka. Shina la duara lisilo na marinda lingepasuka mvua ya kwanza tu.

Ndani ya shina kuna mpangilio mwingine ambao nadhani ndio mzuri kuliko yote, ingawa hauonekani. Seli za nje, zilizo chini tu ya ngozi, ndizo za kijani, ndizo zinazotengeneza chakula, maana kaktasi haina majani. Majani yake yalishageuka miiba. Seli za ndani hazina kazi hiyo. Ni ghala. Kuta zake ni laini, na ukame ukija hizo ndizo zinazokubali kunywea na kukunjamana, zikizipitishia maji zile za nje ili kazi isisimame. Mmea unaweza kuonekana umekonda, mbavu zimetokeza, na bado ngozi yake ikawa inafanya kazi. Kuna kaktasi zinazoweza kupoteza zaidi ya nusu ya maji yake na zikapona. Binadamu akipoteza sehemu moja ya kumi ya uzito wake kwa kukaukiwa, tayari tunazungumza habari za kuokoa maisha.

Mizizi nayo. Nilitegemea iwe mirefu ya kwenda chini, kama ile ya mesquite, ndugu wa mrashia ambao Kenya wanauita mathenge na kuulaani. Saguaro ina mzizi mmoja wa kati usiofika mbali, na mingine mingi inayotambaa sentimita kumi au kumi na tano tu chini ya ardhi, ikienea pande zote umbali unaokaribia urefu wa mmea wenyewe. Jangwani mvua nyingi hailowanishi chini. Inalowanisha juu, kisha jua linaichukua. Kwa hiyo mtu mwenye akili anatandika mkeka. Mvua ikinyesha, kaktasi huotesha haraka vijizizi vyembamba vya kunyonyea, na ardhi ikikauka vijizizi hivyo hufa. Hapo ndipo baba aliponikatiza.

"Subiri. Udongo ukikauka sana kuliko mti, maji si yatarudi kwenye udongo?"

Niliona fahari, nakiri. Ni swali ambalo mtafiti Park Nobel wa California alilishughulikia kwa miaka. Maji hufuata ukavu, na udongo wa Juni hapa ni mkavu kuliko chochote kilicho ndani ya kaktasi. Kinachotokea ni kwamba mzizi nao hunywea kidogo, ukajitenga na udongo, pakabaki upenyo wa hewa. Vijizizi vya mvua vimeshakufa na njia zake zimefungwa. Mlango unaoruhusu kuingia hauruhusu kutoka kwa urahisi uleule. "Vali," alisema baba. "Ile ya kwenye bomba, isiyorudisha." Alishawahi kufunga nyingi.

Ila kinachonishangaza hadi leo ni kupumua. Mimea mingi hufungua stomata, vile vitundu vidogo vya kuingizia hewa, mchana, kwa sababu ndipo mwanga ulipo na usanisinuru unahitaji hewa ukaa. Lakini kila kitundu kinachoingiza hewa hutoa mvuke. Kufungua mchana kwenye nyuzi 42 ni kama kuacha bomba wazi. Kaktasi hufunga mchana kutwa. Hufungua usiku, hewa ikiwa imepoa, huvuta hewa ukaa na kuiweka akiba ndani ya seli ikiwa asidi ya maliki. Kukicha inafunga tena, na mchana, milango ikiwa imefungwa, inaitoa ile hewa kwenye asidi na kuitumia kutengeneza sukari. Mwaka 1815 ilichapishwa barua ya Benjamin Heyne, aliyewahi kuishi India, iliyoeleza kwamba majani ya mmea fulani wa bustanini kwake yalikuwa machachu asubuhi na hayana ladha saa sita mchana. Aliyatafuna tu. Mmea ule haukuwa kaktasi, lakini ulikuwa na desturi hiyohiyo ya kufanya kazi usiku. Napenda sayansi iliyoanza na mtu kutafuna jani mara mbili kwa siku moja.

Basi ikaja Julai 2023. Phoenix, kilomita kama 180 kutoka hapa, ilikaa siku 31 mfululizo kwenye nyuzi 43 au zaidi. Habari zilionyesha saguaro zikianguka, mikono ikikatika, nyingine zikilala chini mzima mzima bila upepo. Watu walidhani ni jua la mchana. Wataalamu wa bustani ya mimea ya kule walieleza kuwa shida kubwa ilikuwa usiku, ambao haukupoa. Mmea unaosubiri giza ili uvute pumzi ulisubiri na giza likaja likiwa na joto, na saguaro iliyoshindwa kufungua kwa siku nyingi hudhoofika, ikapata maradhi, ikaoza kwa ndani. Nyingine zilikuwa na umri mkubwa kuliko mji wenyewe ulivyo leo. Saguaro huishi miaka 150 na zaidi, na mkono wa kwanza huweza kuchukua miaka 50 hadi 75 kuota. Hilo sikumsimulia baba. Mwezi ule alikuwa amelazwa kwa wiki nzima, maji yamemfika kifuani.

Nilimsimulia mvua badala yake. Mwishoni mwa Juni watu wa taifa la Tohono O'odham, wenye nchi hii kabla ya wote, huvuna matunda ya saguaro kwa miti mirefu iliyotengenezwa kwa mbavu za saguaro zilizokufa. Tunda ni jekundu ndani, lenye mbegu nyeusi ndogondogo. Huchemsha rojo, na sehemu yake huchachushwa kuwa divai ya sherehe ya kuita mvua. Mwaka wao mpya huanzia hapo. Mwanafunzi mwenzangu wa taifa hilo alinionjesha rojo na akanionya kwa upole nisiwe naisema saguaro kama kitu, kwa maana kwao saguaro ni watu. Kisha Julai mawingu yakapanda kutoka kusini, harufu ya kile kichaka cha kreosoti ikajaa mtaani, na ikanyesha kwa fujo. Tucson hupata kama milimita 280 kwa mwaka mzima. Nusu yake hivi huja kwa wiki chache za namna ile.

Wiki moja baada ya mvua nilipanda Tumamoc. Marinda yalikuwa yamefunguka. Na kando ya njia kulikuwa na saguaro moja imeanguka, imeng'oka na mizizi yake ya mkeka, ikiwa imejaa. Ardhi ilikuwa laini, mmea umeongeza uzito, upepo ukasukuma. Nilipiga picha, nikafikiri, nikamtumia baba.

"Ilikunywa ikazidi," aliniambia usiku ule.

"Udongo ulikuwa mlaini, baba."

"Ilizidi uzito mkavu." Akacheka mpaka akakohoa, na mimi nikacheka, halafu tukakaa kimya na simu mikononi.

Tangu mwaka jana tunabishana. Dodoma walianza kupandikiza figo mwaka 2018, kwa hiyo si lazima tena kwenda India. Kaka yangu ana presha yeye mwenyewe. Alikataliwa kwenye kipimo cha kwanza. Mimi na baba tuna kundi moja la damu. Nilimwambia nataka kupimwa. Alisema hapana kabla sijamaliza sentensi.

"Wewe hujazaa."

Nikamweleza nilichoambiwa na daktari, kwamba waliotoa figo huzaa, hatari ya presha ya mimba huongezeka kidogo na wanafuatiliwa kwa karibu.

"Na unaishi jangwani. Figo moja, jangwani?"

Nikamweleza kwamba figo inayobaki hukua, ikachukua sehemu kubwa ya kazi ya mwenzake. Alisikiliza hilo kwa makini, maana lilikuwa la kifundi. Kisha akasema mzazi hanywi maji ya mtoto wake. Shemeji, ambaye simu ilikuwa kwenye spika, aliingilia kati: "Baba, mbona hela yake ya kusafishia damu unaipokea?" Ni kweli kwamba sehemu ya posho yangu huenda huko kila mwezi. Ukimya uliofuata ulikuwa mrefu kuliko wote tuliowahi kuwa nao, na nadhani shemeji aliogopa.

Baba aligawa ndoo miaka ishirini na miwili, na siku pampu ilipoharibika kaya yetu ndiyo ilikuwa ya mwisho kwenye foleni. Mama alimlalamikia hilo hadi alipofariki. Sidhani kama atabadilika akiwa na miaka 63. Mimi nami nimetoka kwake. Nina daftari langu. Nimeandika humo kila alichonipa sababu ya kukataa, na jibu la daktari pembeni.

Mwezi uliopita, katikati ya maongezi ya mizizi, aliuliza kama anauliza habari za mtu mwingine: zile seli za ndani zinazotoa maji kuwapa za nje, zinakufa?

Nikamwambia zinanywea tu. Mvua ikija zinajaa.

"Zote?"

"Nyingi."

Alitaka kujua hiyo "nyingi" ni ngapi. Sikuwa na namba ya kumpa na sikumpa ya kubuni, angeitambua. Akasema njoo upimwe, hilo la kupimwa halina ubaya, lakini asinisikie nikimwambia mtu kwamba amekubali.

Tiketi yangu ni ya tarehe 12 Desemba. Vipimo vitaanza wiki inayofuata: damu, mkojo, presha ya saa 24, picha ya figo zote mbili. Kaka amenitumia orodha ya vitu vya kuleta, na cha baba ni kimoja. Anataka chupa ya lita moja ya wapanda milima, ile ngumu, yenye alama za mililita zilizochongwa kwenye plastiki yenyewe. Za ile ya dirishani zimefutika, na shemeji anasema anaanza kuwapunja kuku.